Fito za Lwangilo

1

Kwa miaka kumi na mmoja Mshikizi wa ukumbi wa Lwangilo hakuvuta waya hata mara moja. Jumanne ya pili ya Novemba, saa mbili na dakika nane asubuhi, akavuta. Dakika moja baadaye akavuta tena. Mpaka Injinia Sigfrida Lulandala anateremka garini siku ya Ijumaa, Mshikizi alikuwa amevuta mara elfu kumi na tisa na ushei, na waya zilikuwa zinalia juu ya boriti kama mbu.

Sigfrida hakuwa mwepesi wa kushtuka. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na saba, na karibu nusu yake alikuwa ameimaliza akitazama juu, mazoea yaliyompa maumivu ya shingo na sifa ya kuringa. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono mfukoni, akazihesabu boriti kana kwamba huenda moja imeondoka tangu alipozihesabu mara ya mwisho. Zote kumi na mbili zilikuwapo. Kila moja ilikuwa ya mbao za paina zilizobandikwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, urefu mita kumi na nane, kimo mita moja na robo, unene sentimita kumi na mbili tu. Ukiitazama ubavuni unaona ukuta. Ukisimama chini yake ukatazama juu, unajiuliza ule ukuta umekwenda wapi.

"Kamwene, injinia," sauti ilimjia kutoka nyuma ya marundo ya mahindi.

"Kamwene. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa kidogo, vizuri. Mara ile ulikuja na mashavu yameingia ndani, tukadhani huko mjini mnanyimana ugali."

Huyo alikuwa Bi Gaudensia Mhema, mwenyekiti wa umoja wa akina mama waliokuwa wakikausha mahindi yao humo ukumbini kila mavuno. Alikuwa ameketi juu ya gunia, anapukuchua, na kelele za waya juu ya kichwa chake alizichukulia kama mtu anavyochukulia wakwe wakorofi: wapo, hawaondoki, maisha yanaendelea.

Tangu chuma na saruji vipigwe marufuku kwenye nguzo na boriti za majengo ya umma, nyanda za juu kusini zilikuwa zimegeuka karakana ya nchi nzima. Paina zilikatwa, zikapasuliwa, zikabandikwa kwa gundi, zikasafirishwa mikoani zikawa zahanati, shule na masoko. Mti ni mtiifu, ila una tabia yake. Boriti ndefu na nyembamba ukiibebesha mzigo, ukingo wake wa juu hubanwa, na kitu kinachobanwa hutafuta pa kukimbilia. Chini hakiwezi kwenda, basi kinakwenda kando, na boriti nzima inajisokota na kulala. Zamani dawa yake ilikuwa mbao za mshazari, zilizofungwa kwenye paa kutoka boriti hadi boriti mpaka kwenye nguzo za ukutani. Zilikula miti mingi. Ndipo akabuniwa Mshikizi, akili isiyo na mwili, yenye nyuzi za kioo ndani ya gundi za kusikilizia na waya za kaboni za kuvutia. Boriti ikianza tu kuwaza kulala, yeye anaivuta kabla haijamaliza wazo lake.

Lwangilo ndiko alikojaribiwa. Miaka mitatu ilipita bila yeye kuvuta, na wakubwa wakasema kumbe hata waya hazihitajiki. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwamo kwenye kamati. Majengo mia mbili na kumi na mawili yaliyofuata yalijengwa kwa boriti hizi hizi, bila mshazari na bila waya. Yaliachiwa nyuzi za kusikilizia tu, masikio yasiyo na mikono. Ripoti iliyoruhusu hayo ilikuwa na kurasa arobaini na sahihi moja, na sahihi hiyo ilikuwa ya Sigfrida.

Alichomeka kisikizio sikioni.

"Karibu tena, injinia," Mshikizi alisema. "Saa ni nne kamili. Naomba sababu."

"Ndiyo kwanza nimefika."

"Najua. Sheria inakupa saa sita tangu ulipovuka mlango. Ukiandika hitilafu ya kifaa, nitaondolewa na kuletwa mwingine. Ukiandika kasoro ya usanifu, jengo hili na yote ya uzao wake yatafungwa leo hii. Mimi siruhusiwi kutaja sababu. Naruhusiwa kuuliza."

"Wewe unafikiri ni nini?"

"Nafikiri naogopa kuanguka," Mshikizi alijibu, kwa sauti ile ile ya kutangaza ratiba ya mabasi. "Lakini hilo halimo kwenye fomu."

2

Alipanda ngazi akiwa na taa, kipimo na timazi, ule uzi wenye risasi ya kupimia wima. Boriti ya kwanza haikuwa na ufa. Gundi ilikuwa safi, mbao kavu, hakuna mchwa. Ya pili vivyo hivyo. Kwenye boriti ya nne aliona, karibu na ukingo wa juu, sehemu iliyolika na kung'aa kama mpini wa jembe la zamani. Alipitisha kidole. Ulikuwa ni mfuo wa kamba. Alimulika boriti ya tano, na huko mfuo ulikuwepo pia, umesogea kama mita moja kwenda kulia. Kwenye ya sita ulisogea tena. Alipomaliza ukumbi mzima alikuwa amehesabu mifuo arobaini na nane, na ilikuwa imepangana mshazari, pembe hadi pembe, kisha msalaba kurudi.

"Mama," aliita kutoka juu, "hapa palifungwa nini?"

"Si vichanja vyetu hivyo! Vya mahindi. Mtendaji alikuja Jumatatu akasema vishushwe, kuna wageni wanakuja kupiga picha ukumbi wa mfano. Ati fito zinaharibu sura. Tukavishusha kesho yake asubuhi."

"Saa ngapi?"

"Tulianza baada ya chai."

Sigfrida alikaa kwenye kidato cha ngazi. "Vilikuwa hapa tangu lini?"

"Tangu ukumbi ulipofunguliwa. Wewe mwenyewe ulivikuta. Ulituuliza mahindi yana uzito gani, tukakupimia debe kwa debe. Ukaandika."

Ni kweli aliandika. Ukurasa wa kumi na saba aliukumbuka neno kwa neno, kwa sababu ndio uliomletea sifa. Mzigo wa ziada ulioning'inizwa na wenyeji, tani nne na nusu. Mwendo wa kando, sifuri. Hitimisho, boriti zinahimili kuliko ilivyokadiriwa. Wakubwa walimpongeza kwa kutopuuza maisha halisi ya wananchi. Fito zenyewe zilifungwaje, hakuandika. Hakuona kama ni kitu. Zilikuwa fito za akina mama.

Alishuka. Nyuma ya ukumbi fito zilikuwa zimelundikwa vizuri, za mlingoti, yaani mkaratusi, nene kama mkono wa mtu mzima, na kamba za katani zimekunjwa juu yake zikisubiri wageni waondoke.

"Mbona mlizifunga mshazari?" aliuliza. "Kichanja si mtu anapanga tu, moja baada ya nyingine?"

Bi Gaudensia alimtazama kwa huruma ambayo hakujaribu kuificha.

"Kichanja cha kupanga tu hulala, mwanangu. Bibi yangu alikuwa akisema fito zinazoelekea upande mmoja ni walevi wa ulanzi walioshikana mabega. Akiyumba mmoja wanayumba wote, na mtaroni wanalala wote. Lazima mmoja ashike nguzo. Kwa hiyo tunaanzia ukutani, kwenye nguzo, tunakwenda mshazari mpaka ng'ambo, halafu tunarudi msalaba. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua."

Sigfrida alikuwa na shahada mbili za jambo hilo hilo.

Alitazama tena paa. Papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, zilipita juu ya boriti zote kumi na mbili, zikiziunganisha moja na nyingine vizuri kabisa, na hakuna hata moja iliyofungwa kwenye nguzo ya ukuta. Mabega yalikuwa yameshikana. Nguzo hakuna aliyeishika.

Akawaomba wafunge fito nne tu, pembe ya mashariki. Akina mama watatu walipanda, mmoja akawa anawarushia kamba kutoka chini, na mzaha ukapanda nao, kwamba leo injinia ameajiriwa kukausha mahindi. Walifanya kazi haraka, kwa mikono isiyohitaji macho. Fundo la nguzoni lilipokazwa, kelele ya waya upande ule ilikatika.

"Mshikizi. Boriti ya kwanza hadi ya tatu?"

"Sivuti. Hakuna cha kuvuta."

"Miaka yote hii, hizo fito ulizihesabu kuwa nini?"

"Mzigo," alisema Mshikizi. "Ndivyo ulivyonifundisha."

3

Saa nane mchana walikuwa barazani, wanakunywa chai ya tangawizi. Ndani, akina mama walikuwa wameendelea kufunga bila kuambiwa, na ukumbi ulikuwa unanyamaza kipande kwa kipande. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yamejaa juu ya mashamba ya paina, yenye ule weupe mchafu ambao kila mtu wa nyanda hizo anaujua tangu utotoni. Utabiri ulisema mvua ya mawe, wilaya nne, jioni.

Sigfrida alikuwa amemweleza Bi Gaudensia kila kitu, kwanza kwa sababu alistahili kujua, na pili kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Alikuwa amepiga hesabu mara tatu juu ya karatasi ya mfuko wa unga. Mawe yakilala juu ya bati kwa kina cha kiganja kimoja, boriti isiyoshikwa inafika mwisho wa uvumilivu wake. Boriti iliyonyooka kabisa ingeweza kusimama. Katika maisha yake hajawahi kukutana na boriti iliyonyooka kabisa.

"Sasa nisikilize mimi," Bi Gaudensia alisema. "Andika kifaa kimeharibika. Umoja wetu una wenzetu kila wilaya. Nikipiga simu leo, juma lijalo kila jengo lina vichanja. Tutasema ni mila. Nani atauliza? Majengo yatashikwa, hakuna mgonjwa atakayetolewa kitandani, na wewe unabaki na kazi yako. Funika kombe mwanaharamu apite."

Lilikuwa wazo zuri. Sigfrida alilizungusha kichwani akitafuta kasoro, kama alivyozoea, na kwa muda hakuiona.

"Na mtendaji mwingine akija na wageni wake?" aliuliza mwishowe. "Akisema fito zishushwe?"

"Watamkatalia."

"Nyinyi mlimkatalia?"

Bi Gaudensia alikunywa chai yake.

Sigfrida akachukua simu. Mdogo wake, Blandina, alikuwa muuguzi mkunga katika zahanati ya Mfumbazi, wilaya ya pili kutoka hapo. Zahanati hiyo ilikuwa jengo la themanini na nane kwenye orodha.

"Dada! Leo jua limetoka wapi?" Blandina alicheka. Nyuma yake mtu alikuwa akiugua.

"Blandina, wodini una wangapi?"

"Wajawazito kumi na wanne wanaosubiri siku zao. Na mmoja, Yustina, ameanza uchungu alfajiri. Mtoto amekaa vibaya, nitamzungusha. Kwa nini?"

"Juu, kwenye boriti, mmefunga kitu chochote? Fito, kamba?"

"Afunge nani? Tunapaka vanishi kila mwaka. Panang'aa utadhani benki."

"Nikikuambia uwatoe nje?"

Kicheko kikaisha. "Nje wapi? Huku kumeshakuwa kweusi. Kituo kingine kiko kilomita sabini na daraja limekatika. Dada, jengo lina nini?"

"Linaweza kulala."

"Leo?"

"Sijui kama leo. Mawe yakinyesha, linaweza."

"Linaweza! Hata nyumba ya mama inaweza." Blandina alishusha sauti, bila shaka alikuwa amesogea mbali na vitanda. "Ukiandika hiyo karatasi yako, mlango unajifunga na umeme unakatwa, si ndiyo? Taa, joto, oksijeni?"

"Ndiyo."

"Nikiwasogeza wote pembeni, ukutani?"

"Boriti zikienda zinakwenda zote. Hakuna pembeni."

Sigfrida alisikia saa ya ukutani kule wodini.

"Usinifungie, dada," Blandina alisema. "Nakuomba. Nipe juma moja. Nitapanda mwenyewe nizifunge hizo fito, unielekeze kwa simu. Juma moja tu."

Simu ilikatika, au aliikata.

Juma moja halikuwa ombi la kipuuzi. Majengo yale yalikuwa yamesimama miaka saba, minane. Siku saba zaidi zilikuwa nini? Sigfrida aliwaza hivyo na akajiona anavyowaza. Blandina alikuwa na dada injinia wa kumwomba, na wa kumwelekeza namna ya kufunga fundo. Kwenye yale majengo mengine mia mbili na kumi na moja kulikuwa na wakunga, walimu na wauza nyanya ambao hawakuwa na dada, na ambao jioni hiyo wangeingia chini ya boriti kujikinga na mvua kwa sababu ripoti ya kurasa arobaini iliwaambia pako salama. Kama angempa Blandina juma, angelitoa mfukoni mwao. Hakupenda alichokuwa anakiona. Alimpenda mdogo wake kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, na alijisikia vibaya, vibaya sana, na hali hiyo haikubadilisha hesabu iliyokuwa juu ya karatasi ya unga.

"Mshikizi," alisema. "Kasoro ya usanifu."

"Imebaki saa moja na dakika ishirini na mbili. Huhitaji kuharakisha."

"Mawe hayasubiri saa yako. Andika."

"Chanzo?"

"Ripoti ya Lwangilo, ukurasa wa kumi na saba. Vishikizo vya kando vilihesabiwa kuwa mzigo."

"Aliyekosea?"

"Andika jina langu."

"Limeingia," Mshikizi alisema. "Fomu ina nafasi ya hatua ya muda. Kwa kawaida injinia huiacha wazi."

Sigfrida alimgeukia Bi Gaudensia. "Mama, ile habari ya nguzo na msalaba, nieleze tena, polepole. Urefu wa ufito, fundo gani, unaanzia wapi. Nataka kuiandika kama ulivyoisema, na jina lako juu yake. Jengo litakalofungwa fito hivyo, akalithibitisha mtu wa umoja wenu, litafunguliwa siku hiyo hiyo."

"Jina langu kwenye karatasi ya serikali?"

"La kwanza kabisa."

Bi Gaudensia aliweka kikombe chini, akapangusa midomo kwa ncha ya kitenge. "Basi andika. Anza na nguzo," alisema. "Na uandike kwa nini. Ukiandika fundo bila kwa nini, watalifungua."

Ilipotimu saa tisa kasoro dakika mbili, milango ya majengo mia mbili na kumi na matatu ilitoa mlio mmoja. Sigfrida alimpigia Blandina mara sita. Hakupokea.

4

Mawe yalianguka saa kumi na nusu. Yalijaa juu ya bati, yakalala kwa saa nzima, kisha yakayeyuka. Kati ya majengo yote yaliyofungwa hakuna hata moja lililoanguka.

Hilo ndilo lililosemwa redioni juma zima. Watu walitolewa vitandani na madarasani wakasimama kwenye mvua, kwa ajili ya majengo ambayo mpaka leo yamesimama wima. Sigfrida alisimamishwa kazi Jumatatu. Barua ilikuwa fupi na yenye heshima. Hakukata rufaa. Alikwenda Lwangilo akawaomba akina mama wampe nafasi kwenye lori la fito lililokuwa linazunguka kufunga majengo, na kwa kuwa walikuwa wapungufu wa mikono, wakampa.

Walifika Mfumbazi siku ya tisa. Lilikuwa jengo la thelathini na moja kwenye ratiba yao. Blandina alikuwa nje, mbele ya hema alilopewa na kanisa, anafua mashuka. Alimwona dada yake akishuka kwenye lori, akaendelea kufua.

Sigfrida alikuwa ameshaambiwa njiani. Yustina alijifungulia kwenye tela la trekta, chini ya turubai, mawe yakigonga juu kiasi kwamba mkunga alilazimika kupiga kelele ili asikike. Mtoto alitoka kwa miguu, wa kiume, akaishi kwa saa mbili. Mama yake alipona. Wale wengine kumi na wanne walipata mafua.

Akaingia ndani, maana kazi ilikuwa ndani. Vitanda vilikuwa kama vilivyoachwa, shuka zimevutwa upande mmoja, kiatu kimoja cha mtu sakafuni. Vanishi ya boriti ilikuwa inang'aa kweli. Alipanda ngazi, akatundika timazi kwenye boriti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya saba, risasi ya timazi haikushuka pale ilipotakiwa kushuka. Ilikuwa imekwenda kando vidole vinne. Alipima tena. Vidole vinne.

Alipogeuka, Blandina alikuwa mlangoni, mikono imelowa povu mpaka viwikoni.

"Mawe yalijaa pale juu," Blandina alisema. "Nilikuwa naliangalia jengo kutoka kwenye tela. Halikuanguka."

"Halikuanguka."

"Ndani nilikuwa na meza, na taa, na joto. Watoto waliokaa vile nimeshawazungusha saba. Saba, dada. Wote wanatembea."

"Najua."

Blandina alisogea mpaka chini ya ngazi. Akautazama uzi wa timazi uliokuwa bado unaning'inia kwenye boriti ya saba, na pengo lililoonekana kati ya uzi na ubavu wa mbao. Alikuwa binti wa fundi seremala. Kusoma timazi hakuhitaji kufundishwa.

"Basi niambie," alisema. "Siku ile. Lingeanguka?"

Jibu lilikuwapo, limejitundika lenyewe hapo mbele yao, na lilikuwa tamu. Vidole vinne. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna mtu nchini ambaye angembishia, na huenda mdogo wake angelala usingizi usiku huo. Lakini boriti ile hakuna aliyewahi kuipima kabla ya mvua. Huenda ililala vidole vinne chini ya mawe. Huenda ilitoka karakanani hivyo hivyo, siku walipoibandika gundi. Kulikuwa na ukurasa wa kumi na saba mmoja duniani, na ulitosha.

"Sijui," Sigfrida alisema.

Blandina alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na msamaha ndani yake, wala hayakuwa na chuki. Yalikuwa ya mtu aliyeuliza akapewa kilichopo. Nje akina mama walikuwa wanashusha fito kwenye lori, wanahesabu kwa sauti. Bi Gaudensia aliingia na ufito wa kwanza begani, akawapita ndugu hao wawili bila kuuliza kitu. Akapanda ngazi ya pili, iliyoegemezwa kwenye nguzo ya pembeni.

Mwisho wa ufito ulibaki chini, unaburuzika. Blandina alipangusa povu kwenye sketi yake, akauinua, akampelekea dada yake pale juu alipokuwa.

"Shika huku," alisema. "Usiachie mpaka nikuambie."

Sigfrida akashika. Upande wa pili Bi Gaudensia alikuwa ameshazungusha kamba kwenye nguzo ya ukuta, anakaza fundo la kwanza.